Upepo Uachwe Upite

Mara ya kwanza nilipofika nyanda za mawe zilizo kusini mashariki mwa Ziwa Turkana, upepo ulinivua kofia kabla sijatia mguu wa pili chini. Ilikuwa kofia ya vito, kazi ya mkono wa shangazi yangu wa Lamu, na safari nzima nilikuwa nimeitia ndani ya mfuko wa plastiki isishike vumbi. Nikaivaa ili nifike kistaarabu. Ikaniruka kama ndege aliyeshtuliwa, ikabingirika juu ya mawe meusi ya volkano. Niliifuata hatua kumi hivi, nikarudi. Dereva wangu, mzee aliyekuwa barabarani tangu mimi sijazaliwa, hakucheka. Alisema tu, "Si nilikwambia ufunge kitambaa?"

Kilichoniuma si kofia peke yake. Mimi ni mtoto wa nahodha. Nyumbani kwetu Mombasa upepo uliitwa kwa jina kama jirani: kusi, kaskazi, matlai wa asubuhi, umande utokao bara, na yale majuma ya maleleji ambayo upepo haujui unataka nini na nahodha hajui amwambie nini mwenye mali. Baba alikuwa akipakia boriti za mikoko Lamu na kuzishusha Mombasa, na kabla ya kufungua kinywa kumsalimu mtu alfajiri, aliinua uso kwanza. Mtoto wa mtu kama huyo kuporwa kofia mchana kweupe ni fedheha.

Mwaka huo, 2016, nilikuwa utingo. Gari letu lilibeba panga moja la mtambo wa upepo, urefu wake mita 25 na ushei, jeupe, laini kama yai. Kazi yangu ilikuwa kutangulia kwa miguu kila penye kona, kupiga mluzi, kuhamisha bodaboda na mbuzi, na kumwonyesha mzee mahali mkia wa panga utakapopita. Toka bandarini Mombasa hadi kule ni safari ya kilomita kama 1,200. Kipande cha mwisho, kilomita 208 kutoka Laisamis, kilibidi kitengenezwe upya kwa ajili ya shehena hiyo, maana barabara ya zamani ilikuwa ya ngamia zaidi kuliko ya magari. Mitambo ilikuwa 365, kila mmoja una mapanga matatu. Piga hesabu mwenyewe ya kona na mbuzi.

Usiku tulilala kando ya gari. Sikuwa na la kufanya, kwa hiyo nililipapasa lile panga. Halikuwa bapa kama nilivyodhani. Upande mmoja umetuna, mwingine umenyooka, na toka shinani hadi nchani limesokotwa kidogo, kama ubao wa chombo unaofuata mgongo wa mkuku. Mkono wangu uliutambua mtuno ule kabla ya akili. Ni tumbo la tanga.

Nieleze hapa kwa nini nilikuwa utingo na si baharia. Nilipokuwa na miaka kumi na sita, tukivuka ghuba ya Ungwana na shehena ya boriti, kusi iligeuka kali kuelekea magharibi. Mimi ndiye niliyeshika kamba ya demani. Chombo kilikuwa kikikimbia nami nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya mtoto anayeona povu likiruka pande zote mbili za omo akadhani ni kazi ya mikono yake. Baba akapiga kelele, "Legeza!" Nikakaza. Sikumsikia vibaya. Nilimsikia vizuri, nikaona anaogopa bure, maana tulikuwa tunakula bahari. Akapiga kelele tena, na mara ya tatu hakuwahi kuimaliza, kwa sababu tanga lilipasuka toka juu hadi chini kwa mlio ambao mpaka leo nikisikia turubai likichanwa nasimama. Foromali ikavunjika. Tulielea mpaka alfajiri, mabaharia wanakumba maji, hakuna aliyenitupia neno. Baba alisema moja tu, siku ya tatu, tukiwa nyumbani: "Tanga lisiloachia upepo haliutumii. Linapigana nao." Sikurudi chomboni. Nilikwenda bara kutafuta kazi ya magurudumu, nikijua kwamba gari, likikosewa, angalau halizami.

Sasa kule Turkana, jioni tulipokwisha kushushiwa mzigo, tukawa tunangoja gari jingine lipite ndipo tugeuze. Fundi mmoja kijana alikuwa ameketi upande wa mnara uliokingwa na upepo, akila. Nikamsogelea, kwanza kwa ajili ya kivuli, kisha kwa maswali. Alinifungulia mlango wa chini nichungulie. Ndani mna ngazi inayopanda wima mita 44 hadi kwenye kibanda cha mashine, na nyaya nene zinazoshuka ukutani. Kuingia hakuniruhusu, ila kunifundisha alinifundisha. Alikuwa mwalimu mzuri kwa sababu alianza na kitu nilichokijua: dainamo ya baiskeli.

Ile dainamo inayosuguliwa na tairi ili taa ya mbele iwake ndani yake ina sumaku na waya uliozungushwa. Sumaku ikizunguka mbele ya waya, umeme unatembea ndani ya waya. Jambo hili Michael Faraday alilionyesha mwaka 1831, na tangu hapo karibu kila kiwanda cha umeme duniani, kiwe cha maji, cha mvuke au cha dizeli, ni ubishi juu ya nani atazungusha. Kindaruma na Gitaru ni maji ya Tana. Olkaria ni mvuke wa chini ya ardhi. Hapa ni upepo. Mapanga yanazunguka polepole, kama mara 26 kwa dakika, mwendo ambao mtu anaweza kuuhesabu kwa macho. Jenereta inataka zaidi ya mizunguko 1,500 kwa dakika. Kwa hiyo katikati, ndani ya kile kibanda, kuna sanduku la gia linalobadili mwendo wa mzee kuwa mwendo wa kijana. Umeme unatoka ukiwa na volti mia chache, unapandishwa na transfoma, unakusanywa na ule wa mitambo mingine, unapandishwa tena, ndipo uanze safari.

"Polepole," alisema, lakini akaniambia niangalie ncha na si kitovu. Duara la mapanga lina upana wa mita 52. Ncha inayozunguka duara hilo mara 26 kwa dakika inakwenda kilomita zaidi ya 250 kwa saa. Kuna upepo gani wa pale unaokwenda hivyo? Hakuna. Ncha ina mwendo kuliko upepo unaoiendesha. Fundi alitegemea nitashangaa. Sikushangaa hata kidogo, na hilo likamshangaza yeye. Nilimwambia kwamba jani husukumwa na upepo, lakini tanga likishikwa vizuri, chombo kikienda joshi, huvutwa. Upepo hupita pande zote mbili za lile tumbo, upande uliotuna unapita mbio zaidi, na tanga linanyonywa kwenda upande huo. Chombo kinachopewa upepo wa tezi tu, ukikisukuma toka nyuma, hakiwezi kuupita huo upepo. Kinachoukata ubavuni kinaweza kufanya maajabu. Wale waliochonga lile panga walikuwa wamekwenda shule moja na Baba, ila wao walikuwa na karatasi.

Hapo ndipo akanipa hesabu iliyoninyima usingizi. Wastani wa upepo wa pale ni kama mita 11 kwa sekunde. Ukizidisha na ukubwa wa duara na uzito wa hewa, unapata kwamba kila sekunde tani kama 25 za hewa zinapita katikati ya mapanga. Tani 25! Mtu asiyepakia mizigo hawezi kulihisi neno hilo. Ni trela zima. Kila sekunde trela moja iliyojaa hewa inapita, na nyingine iko nyuma yake, usiku na mchana, na hakuna anayelipa mizani. Kisha akaongeza: upepo ukikaza mwendo mara mbili, nguvu inakuwa mara nane. Hewa inayopita ni mara mbili, na kila kilo ya hewa hiyo ina kishindo mara nne. Ndiyo maana watu wako radhi kujenga barabara ya kilomita 208 kufuata mahali penye upepo mkali, badala ya kuweka mitambo pale panapofikika.

Nikauliza: basi nguvu yote hiyo ya trela inakamatwa? Akasema hapana, na haiwezekani. Mjerumani mmoja, Albert Betz, alipiga hesabu hiyo mwaka 1919 na haijapinduliwa: mtambo wa namna hii, hata ukiundwa na malaika, hauwezi kuchukua zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo unaoupitia. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Ukiunyang'anya upepo mwendo wake wote, hewa itasimama nyuma ya mapanga, na iliyosimama itaizuia inayokuja. Upepo utauzunguka mtambo kama maji yanavyozunguka jiwe. Ili upate chochote, lazima uuache upite, tena upite na nguvu ya kutosha kuwapisha wenzake.

Nilikaa kimya. Mjerumani yule alikuwa amenirudishia, kwa asilimia na desimali, maneno niliyoambiwa sebuleni siku ya tatu baada ya Ungwana.

Na fundi hakujua alichokuwa akikigusa, akaendelea. Upepo ukifika mita 25 kwa sekunde, mtambo unajizima. Mapanga hayafungwi breki kwanza. Yanazungushwa kwenye shina lake hadi yakaupa upepo ubavu mwembamba, upepo ukakosa pa kushika. Huko ni kulegeza demani. Mashine inalegeza yenyewe, bila kupigiwa kelele mara tatu.

Niliporudi Mombasa nilimweleza Baba kila kitu isipokuwa hayo ya mwisho. Alitaka kujua jambo moja: upepo huo unatoka wapi? Nikamwambia unatoka kusini mashariki, karibu mwaka mzima. Kuna bonde pana katikati ya milima ya Ethiopia upande wa kaskazini na ya Kenya upande wa kusini, na hewa inayotoka Bahari ya Hindi inabanwa humo kama maji ya mferejini, ikipita kando ya mlima Kulal kuelekea ziwani. Mkazo wake mkubwa ni usiku hadi asubuhi. Baba akafikiri, kisha akasema bila tabasamu, "Basi upepo huo umepita kwangu kwanza."

Mwaka uliofuata nilipanda tena na shehena nyingine. Mitambo yote 365 ilikuwa imekwisha kusimama tangu Machi 2017. Nilitegemea kukuta bahari ya mapanga yanayozunguka. Nilikuta msitu uliolala. Upepo ulikuwa palepale, ukali uleule, na mapanga yameupa ubavu. Waya haukuwa umefika. Laini ya kupeleka umeme kituo cha Suswa, kilomita zaidi ya 400, ilikuwa imekwama njiani kwa matatizo ya ujenzi na ya fidia za ardhi, na kwa kuwa mkataba ulikuwa mkataba, nchi ikawa inalipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao hakuna aliyeuwasha. Mtu anaweza kucheka. Mimi niliyewahi kulala usiku mzima juu ya chombo kisicho na tanga huku upepo ukipiga sikuweza. Nguvu ipo, na huna cha kuifunga.

Laini ilipata umeme Septemba 2018. Uzinduzi rasmi ulifanywa na Rais Uhuru Kenyatta Julai 2019. Megawati 310, na tangu hapo katika miaka mingine karibu sehemu moja kwa sita ya umeme wa Kenya imekuwa ikitokana na upepo, wa Turkana ukiwa ndio mwingi. Hili si dogo. Lina kero yake pia: upepo ule unapiga sana usiku wa manane, saa ambayo viwanda vimefungwa na watu wamezima taa, na umeme hauwekwi kwenye debe mpaka kesho. Kuna usiku ambao mtu wa kuongoza gridi hana budi kuchagua nani apunguze, mvuke wa Olkaria au upepo wa Turkana. Lakini sitaki kuzama huko.

Ninachotaka kukisema ni cha mama aliyekuwa akituuzia chai karibu na Sarima, kijiji kilichohamishwa kidogo kupisha magari yetu. Alikuwa Mturkana, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha dereva wangu. Kibanda chake kilikuwa cha mviringo, kifupi, kimefungwa kwa kamba na kukandamizwa mawe. Upepo ulipita juu yake bila kugombana naye, huku hema la kisasa la jirani likitandikwa kama punda. Aliniuliza, akinionyesha nguzo za chuma zinazopotea upeoni: "Wewe kijana wa pwani, niambie. Upepo ni wa hapa. Mbona hizo kamba zinaruka juu ya kichwa changu?"

Nilimjibu kifundi. Kwamba laini ile imejengwa ibebe hadi kilovolti 400, na kuushusha umeme wa namna hiyo ufae taa moja kunahitaji kituo cha transfoma chenye gharama kubwa, kwamba ni kama barabara kuu isiyo na mchepuko kijijini. Jibu lilikuwa sahihi kila neno. Akanisikiliza hadi mwisho, akanimiminia chai, akasema, "Kwa hiyo kupita wanapita." Nikajiona tena nimekaza kamba huku mtu ananiambia legeza.

Maana ardhi nayo ina upepo wake. Ekari 150,000 ziliandikwa kwenye hati, ingawa mitambo inakalia sehemu yake tu. Watu wa pale ni Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo, na wengi wao ni wafugaji ambao kwao ardhi ni njia kuliko kiwanja. Eneo halikuzungushiwa ukuta, mifugo hupita chini ya minara, nimeona ngamia wakijikuna kwenye chuma. Lakini kuruhusiwa kupita kwako si sawa na kuulizwa. Wenyeji walikwenda mahakamani, na Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru ikaamua kwamba hati zile hazikutolewa kwa utaratibu wa sheria. Kinangop, katika Nyandarua, mambo yalikwenda vibaya mapema zaidi. Mradi wa megawati 60 ulizuiwa na wakulima waliokataa, damu ikamwagika, na mwaka 2016 ukafutwa bila panga hata moja kuzunguka. Upepo wa Kinangop hadi leo unavuma. Husikii mtu akisema umepungua.

Baba hakuwahi kufika Turkana. Mifupa yake haikuweza. Lakini alipokuja Nairobi kuangaliwa macho nilimpandisha vilima vya Ngong, ambako mitambo ya kwanza ilisimama mwaka 1993, miwili tu, zawadi ya Ubelgiji, na ambako sasa kuna ya megawati 25.5, baadhi yake ya aina ileile niliyoibeba. Alisimama chini ya mmoja, amefunga kitambaa juu ya kofia (yeye hakuhitaji kuambiwa), akasikiliza. Vuu. Vuu. Vuu. Macho yalikuwa yamekwisha kuchoka, kwa hiyo alisikiliza tu, muda mrefu, mpaka watoto wa shule waliokuja kutembea wakaanza kumpita kwa kumzunguka.

"Nani ameshika usukani?" akauliza.

Nikamwambia hakuna mtu. Juu ya kile kibanda kuna kijibendera kinachoujua upepo unatoka wapi, na kikombe kinachopima mwendo wake. Vikisema upepo umegeuka, mota zinakigeuza kichwa chote kiufuate.

"Na ukizidi?"

Hapo sikuwa na pa kukwepa. Nikamweleza mita 25 kwa sekunde, nikamweleza mapanga yanavyopewa ubavu. Aliutafuta mkono wangu, akaukuta, akaufinya mara moja pale kamba ya demani ilipokuwa imeniachia alama. "Kumbe wewe ulichelewa mita chache tu," alisema, na ndiyo mara ya pekee katika miaka ishirini jambo lile lilipotajwa kati yetu.

Sasa amelala zaidi ya anavyokaa. Desemba iliyopita nilimfungia pangaboi darini, jipya, la mwendo wa aina tano, na nilipoliwasha nilimweleza kwa fahari ya mtu aliyeshika mwisho wa uzi: kwamba huenda umeme huu ni upepo uliopita kwetu, ukaenda mpaka Turkana, ukazungusha mapanga ambayo huenda mimi ndiye niliyeyapigia mluzi, ukateremka kwa waya hadi Suswa, ukarudi Mombasa, na sasa ni upepo tena juu ya kitanda chake. Alinisikiliza hadi mwisho, kama yule mama wa chai.

"Zima hilo," akasema. "Fungua dirisha. Kaskazi imeingia."